Tarishi asiyelala: jinsi kalenda na ubao wa kazi vilivyojifunza kupelekeana barua

Waungwana, nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama naumwa, wengine mmedhani nimepata kazi serikalini (ha!). Siumwi, na kazi sijapata. Kuna jambo lilinikaa kooni na nilitaka kwanza nilielewe kabla sijalisema. Leo nalisema. Litaanza kama umbeya wa ofisini, litapita Poland, Marekani na Prague, halafu litarudi hapa hapa Dar. Kaeni mkao wa kula.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba mimi na wenzangu wanne tuna kikundi chetu cha waandishi wa kujitegemea. Ofisi yetu ni chumba kimoja cha kupanga, meza mbili, feni moja inayozunguka ikipenda, na ubao wa kazi ulioko mtandaoni. Ubao huo ndio bosi wetu. Kila habari ina kadi yake, na kadi inahama kutoka safu ya "wazo" kwenda "mahojiano", kisha "kuandika", "kuhariri", mpaka "imetoka". Lakini maisha yangu mimi yako kwenye kalenda ya simu. Miadi ambayo haimo humo, kwangu haipo.

Sasa, ubao na kalenda vilikuwa havijuani kabisa. Kila Jumatatu nilikaa nusu saa nikinakili miadi kutoka huku kwenda kule, na kila Jumatatu nilisahau moja au mbili. Mara mbili tulijikuta watu wawili kwenye mkutano mmoja wa waandishi wa habari, huku mkutano mwingine ukikosa mtu. Basi Jumapili moja nikafungua mojawapo ya zile huduma zinazounganisha programu bila wewe kuandika msimbo. Nikachagua kwenye orodha: likitokea tukio jipya kwenye kalenda, tengeneza kadi kwenye ubao. Nikabonyeza "ruhusu" mara mbili. Dakika kumi na mbili kazi imekwisha, na sikuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Nilijisikia fundi!

Wiki ya pili nikajuta. Nitawaeleza kwa nini, ila naomba tupite kwanza kwenye historia, maana bila historia mtadhani hii ni habari ya bahati mbaya tu.

Babu na bahasha

Babu yangu mzaa mama alikuwa tarishi. Kwa mliozaliwa juzi: tarishi ndiye aliyebeba majalada na barua kutoka ofisi moja kwenda nyingine, kwa miguu au kwa baiskeli, akiwa na daftari la kusainiwa. Unapokea bahasha, unasaini, yeye anaondoka. Bahasha za siri zilifungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu inayopigwa mhuri, na lakiri ikivunjika njiani kila mtu anaona.

Babu alijivunia jambo moja kuliko mshahara wake: kwa miaka yote ile hakuwahi kujua kilichoandikwa ndani. Alikuwa akisema, "Mimi ni miguu ya serikali, si macho yake." Tulikuwa tukimcheka. Tuliona ni kazi isiyo na akili, kubeba usichokijua.

Mshikeni babu hapo hapo. Tutamhitaji.

Ubao ulitoka wapi

Hizi programu za kusimamia miradi zina ukoo mrefu. Mwaka 1896 mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha kazi za kiwanda zikifuatana katika muda, ili fundi huyu asimsubiri yule bila sababu. Aliuita harmonogramu. Bahati yake mbaya ni kwamba aliandika kwa Kipolishi na Kirusi, na dunia ya Kiingereza haikumsoma. Sifa zikaenda kwa Mmarekani Henry Gantt, aliyetengeneza michoro inayofanana na hiyo katika miaka ya 1910. Michoro ya Gantt ilitumika Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikiwemo katika kazi ya kujenga meli. Gantt alifariki mwaka 1919, na mpaka leo ile mistari ya ulalo inayoonyesha kazi na tarehe inaitwa kwa jina lake. (Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna la kujifunza kwa Adamiecki, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Kisha ikaja zama za makampuni makubwa na majeshi. Mwaka 1957 kampuni ya kemikali ya DuPont, pamoja na watu wa Remington Rand, ilitengeneza hesabu ya kutafuta ni kazi zipi zikichelewa mradi mzima unachelewa. Mwaka 1958 jeshi la majini la Marekani likaja na mbinu yake, PERT, kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Kwa hiyo kusimamia mradi kwa kompyuta kulikuwa kazi ya watu wenye mabilioni na wataalamu wa hesabu. Mwandishi wa kujitegemea mwenye feni moja hakuwa kwenye mawazo ya mtu.

Mambo yalibadilika intaneti ilipoingia. Februari 2004 kampuni ndogo ya 37signals ya Chicago ilitoa Basecamp, programu ya kusimamia miradi unayoifungua kwenye kivinjari chako bila kusakinisha chochote. Septemba 2011 kampuni ya Fog Creek ya New York ikazindua Trello, ubao wenye kadi unazozisukuma kwa kidole. Januari 2017 Atlassian ya Australia ilikubali kuinunua Trello kwa dola milioni 425 za Marekani. Hebu soma tena hiyo tarakimu. Kadi za kusukuma!

Kalenda nayo

Kalenda ilipita njia nyingine. Ofisi ziliweka kalenda kwenye kompyuta zamani, lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Ukiwa na programu ya kampuni hii na mwenzako ana ya kampuni ile, mlikuwa mnapigiana simu kama kawaida.

Katikati ya miaka ya 1990 Apple, AT&T, IBM na Siemens waliunda ushirika ulioitwa Versit. Mwaka 1996 wakatoa vCalendar, namna moja ya kuandika tukio la kalenda ambayo programu yoyote ingeweza kuisoma. Kazi hiyo ikachukuliwa na IETF, jumuiya ya wahandisi wanaotunga kanuni za intaneti, na Novemba 1998 ikatoka kanuni iitwayo iCalendar, kwenye waraka RFC 2445. Walioiandika ni Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft. Hizo ni kampuni mbili zilizokuwa zikinyang'anyana soko la ofisi, lakini watu wao walikaa wakakubaliana jinsi ya kuandika neno "kesho saa tatu". Waraka ulifanyiwa marekebisho mwaka 2009 ukawa RFC 5545, na hadi leo ukipokea mwaliko wa mkutano kwa barua pepe wenye faili linaloishia na .ics, ni kazi ya wale mabwana.

Ukilifungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi utaona kitu cha ajabu: linasomeka! Tukio linaanzia hapa, linaishia pale, kichwa chake hiki, mahali pake hapa. Maandishi matupu. Hakuna lakiri.

Nikumbusheni hilo baadaye.

Mabomba na milango

Wazo la kuunganisha programu mbili bila kuandika ya tatu ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1964 Doug McIlroy wa maabara za Bell, Marekani, aliandika waraka mfupi akisema tuwe na njia ya kuunganisha programu kama mtu anavyounga mipira ya kumwagilia bustani. Ilichukua miaka tisa. Mwaka 1973 Ken Thompson aliliweka wazo hilo ndani ya mfumo wa Unix, na tangu hapo matokeo ya programu moja yanaweza kutiririka moja kwa moja kuingia kwenye nyingine. Wakaliita bomba.

Lakini bomba la Unix lilikuwa ndani ya kompyuta moja. Programu zilipohamia intaneti, kila moja ikawa nyumba yenye ukuta. Mwaka 2000 Salesforce na eBay walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufungua rasmi mlango wa pembeni kwa ajili ya programu za watu wengine. Mlango huo ndio unaoitwa API: ukigonga kwa utaratibu, unapewa taarifa kwa utaratibu. Google Calendar ilipozaliwa Aprili 2006 ilizaliwa katika dunia ambayo mlango wa namna hiyo ulishakuwa jambo la kutarajiwa.

Milango ilileta maswali mawili. La kwanza: nitajuaje kuna jipya? Njia ya kizamani ni kugonga kila baada ya muda, "hodi, kuna kitu?", "hakuna", "hodi tena". Mwaka 2007 Jeff Lindsay alilipa jina wazo lililo kinyume chake, webhuku: wewe acha anwani yako, kukiwa na jipya nyumba yenyewe itakuletea taarifa. Huduma nyingi mpaka leo zinachanganya njia zote mbili, ndiyo maana kadi nyingine inatokea palepale na nyingine inachelewa mpaka unadhani umeme umekatika.

Swali la pili ni la ufunguo. Zamani programu moja ikitaka kuingia nyingine kwa niaba yako, ilikuomba nywila yako. Yaani unampa mgeni ufunguo wa nyumba nzima ili achukue kikombe kimoja! Mwaka 2007 kikatoka kiwango kiitwacho OAuth, na toleo la pili likawa kanuni rasmi Oktoba 2012. Sasa humpi mtu nywila. Unapelekwa kwenye ukurasa wenye kitufe cha "ruhusu", na juu ya kitufe kuna orodha ya vitu unavyoruhusu.

Kuna kitufe, na kuna orodha. Sisi tunaona kitufe.

Matarishi wanaajiriwa

Februari 2007 Yahoo ilitoa kitu kilichoitwa Pipes, na jina lilitoka kwenye mabomba yale yale ya Unix. Ulikuwa unavuta visanduku kwa kipanya, unaviunga kwa nyaya za kuchora, na habari kutoka tovuti mbalimbali zinachujwa na kuunganishwa. Waliokipenda walikipenda kweli kweli. Yahoo ilikifunga mwaka 2015, na kazi za watu wengi zikapotea nacho. Somo hilo lisitupite: tarishi wa kuazima anaweza kuondoka siku asiyokuaga.

Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa neema. IFTTT, iliyoanzishwa na Linden Tibbets na wenzake San Francisco, ilifunguliwa kwa umma Septemba mwaka huo, na jina lake ni ufupisho wa sentensi ya Kiingereza yenye maana ya "likitokea hili, basi fanya lile". Mwezi uliofuata, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, vijana watatu, Wade Foster, Bryan Helmig na Mike Knoop, walijenga mfano wa kwanza wa Zapier kwenye shindano la wikiendi moja. Walipoomba kuingia Y Combinator, ile shule maarufu ya kampuni changa, walikataliwa. Wakaomba tena wakakubaliwa, mwaka 2012. IFTTT iliwavutia zaidi watu wa nyumbani, taa na simu zao. Zapier ilienda ofisini: fomu, barua pepe, kalenda, mbao za kazi.

Wengine wakafuata. Prague, Jamhuri ya Czech, ilitupa Integromat mwaka 2016, ikanunuliwa na Celonis ya Ujerumani mwaka 2020, na mwaka 2022 ikabadilishwa jina kuwa Make. Microsoft ilileta Flow mwaka 2016, ambayo tangu 2019 inaitwa Power Automate. Na mwaka 2019 Jan Oberhauser wa Berlin alitoa n8n, ambayo unaweza kuiweka kwenye sava yako mwenyewe, bila data kupita kwa tarishi wa kuajiriwa.

Wote hawa msingi wao ni mmoja: kuna kichochezi na kuna kitendo. Kichochezi ni tukio jipya kwenye kalenda. Kitendo ni kadi mpya kwenye ubao. Katikati unasema kichwa cha tukio kiende kwenye kichwa cha kadi, saa ya kuanza iende kwenye tarehe ya mwisho, maelezo yaende kwenye maelezo. Ukitaka, unaongeza kichujio. Ukiunganisha pande zote mbili bila kichujio unaweza kupata kitanzi: tukio linazaa kadi, kadi inazaa tukio, tukio linazaa kadi... asubuhi unakuta ukoo mzima.

Kisa kidogo, halafu kisa kikubwa

Kisa kidogo kilitokea siku ya tatu, nacho kilituchekesha. Kulikuwa na mkutano wa waandishi wa habari saa tatu asubuhi. Kwenye kalenda yangu ilisomeka 09:00, sawa kabisa. Kwenye kadi ikasomeka 06:00. Mwenzetu aliyepangiwa akasema moyoni, nani atafanya mkutano alfajiri? Bila shaka aliyeandika amehesabu kwa Kiswahili, hii ni saa sita. Akaenda saa sita mchana. Alikuta wafagizi.

Kumbe kanuni ya iCalendar inaruhusu saa kuandikwa kwa namna tatu: saa isiyo na eneo, saa yenye jina la eneo lake, au saa ya dunia, UTC, inayotambulika kwa herufi Z mwishoni. Sisi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya UTC. Tarishi wangu alichukua ile ya Z akaibandika kwenye kadi kama ilivyo, maana mimi sikumwambia aibadilishe. Kisha saa zetu za Kiswahili zikamalizia kazi. Makosa mawili yakakutana yakaoana. Tulicheka, nikarekebisha, maisha yakaendelea.

Kisa kikubwa sikucheka.

Kwa miezi miwili nilikuwa nazungumza na mama mmoja, mtumishi wa taasisi ambayo sitaitaja, anayefanya kazi ya stoo. Alikuwa ameona mambo kwenye vitabu vya stoo na alikuwa tayari kunionyesha. Ilinichukua muda mrefu kumfikisha hapo. Tulikutana mara tatu bila daftari, tukinywa chai tu. Mara ya nne tukakubaliana siku, saa na mahali, na akasema atakuja na karatasi.

Nilipotoka pale nilifanya kile ninachofanya siku zote. Nikatoa simu, nikaandika miadi. Jina lake. Anapofanya kazi. Mahali pa kukutania. Na kwenye maelezo, maneno mawili: "karatasi za stoo".

Kabla sijafika kituo cha daladala kadi ilikuwa imeshakaa kwenye ubao. Na ubao, kwa utiifu wake, ukawatumia barua pepe wote walioko juu yake. Wakati ule tulikuwa tisa: sisi watano, wanafunzi wawili wa mafunzo, mhasibu wetu wa muda, na mchora katuni tuliyemwalika kwa kazi ya mwezi mmoja. Huyu mchora katuni, kijana mwema kabisa, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jamani, huyu mama si jirani yetu pale mtaani? Kumbe yuko stoo!"

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama ndani ya daladala. Miguu ililegea.

Nilifuta kadi. Nikazima muunganisho. Lakini barua pepe zilishaondoka, na barua iliyokwisha kuingia kwenye sanduku la mtu huwezi kuirudisha. Niliwaomba wote wafute, nadhani wamefuta. Nadhani. Na yule kijana sikuweza kumgombeza, kosa lake ni lipi? Alimwona jirani.

Usiku sikulala. Ningeweza kunyamaza, na nawaambia ukweli, niliwaza kunyamaza. Lakini yule mama ndiye angelipa, mimi ningeandika habari nyingine. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi, kwema?"

Nikamweleza. Nilijaribu kueleza kalenda, ubao, huduma ya katikati... nikasikia jinsi ninavyojificha nyuma ya maneno, nikaacha. Nikasema: mama, jina lako limeonwa na watu wanane ambao hawakupaswa kuliona, na nimelitoa mimi.

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuamini wewe. Hilo limashine lako mimi sikulijua."

Hakuja na karatasi. Aliniomba nisimpigie tena, na sijampigia. Kwa taarifa nilizonazo bado yuko kazini, salama, na kila siku inayopita hivyo namshukuru Mungu. Habari ile imekufa. Kama kweli kuna watu wanaiba pale, wanaendelea.

Nani alivunja lakiri

Katika wiki hizi tatu nimejiuliza kosa ni la nani. Huduma niliyoitumia sijaitaja jina, na sitaitaja, kwa sababu ilifanya nilichoiagiza, neno kwa neno. Nilirudi kwenye ule ukurasa wa "ruhusu" nikausoma kwa mara ya kwanza. Imeandikwa wazi: itaona matukio kwenye kalenda zako zote. Zote! Ilikuwepo tangu Jumapili ile. Nilitumia dakika kumi na mbili kuunganisha na sikutumia dakika moja kusoma.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Niliisoma nayo. Mimi nilikuwa nimezoea kuiona kama sheria ya mabenki na makampuni ya simu, wale wanaokusanya taarifa zetu. Nikisoma, nikajiona mimi. Nina majina, nina namba, nina siri za watu. Mimi ni mkusanyaji mkubwa tu, nisiye na mlinzi mlangoni.

Lakini kilichonikaa zaidi ni historia yenyewe, na hapa ndipo ninapomrudia babu. Tazameni tena hatua zote hizo. Mwaka 1998 tulikubaliana kuandika matukio kwa namna ambayo mashine yoyote inaweza kuyasoma. Tukafungua milango ya pembeni. Tukagawa funguo. Kisha tukamweka tarishi katikati. Kila hatua ilikuwa jibu zuri kwa tatizo la kweli, na kila hatua ilifanya kazi kwa sababu kilichomo ndani ya bahasha kilizidi kusomeka. Tarishi wa kompyuta hawezi kubeba bahasha iliyofungwa, maana ili ajue kichwa kiende wapi na saa iende wapi, ni lazima aisome. Urahisi wote ule niliousifia Jumapili ile uliletwa na kuondolewa kwa lakiri.

Babu alibeba asichokijua. Tulidhani ni upungufu wake. Kumbe huo ndio ulinzi ambao ofisi nzima iliutegemea.

Je, nimerudi kwenye kunakili kila Jumatatu? Hapana, msinielewe vibaya. Wiki iliyopita niliuwasha tena muunganisho. Safari hii nimefungua kalenda ya pili inayoitwa "Ofisi", na tarishi anaruhusiwa kuigusa hiyo tu. Kinachovuka kwenda kwenye ubao ni saa na neno "nje" au "ofisini", maelezo hayavuki. Nimeirekebisha saa isome ya Afrika Mashariki. Wageni wa muda wana ubao wao. Nilifikiria pia kuweka n8n kwenye sava yetu wenyewe, nikaacha kwa sasa, kwa sababu sava yetu wenyewe maana yake ni mlinzi kuwa mimi, na mmeshaona mimi ni mlinzi wa namna gani.

Na miadi na watu kama yule mama iko kwenye kidaftari cha karatasi, kinachokaa nyumbani, kwa majina ambayo nayaelewa peke yangu. Mara moja nimeshakisahau nyumbani na nikachelewa miadi kwa saa nzima. Nilimwomba radhi niliyemchelewesha. Alikasirika, tukanywa chai, yakaisha.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na muunganisho wako unaokimbia kimya kimya, wa kalenda, wa fomu, wa wateja: fungua leo ule ukurasa wa ruhusa. Soma orodha, si kitufe. Halafu njoo uniambie umekuta nini.

Nawaachia hapo. Tuko pamoja.